Fleti na mafua: treni za Michenzani zinaonewa

Mafua yakizagaa mjini Unguja, lawama haikawii kupanda ngazi za Michenzani, yale majumba marefu ya fleti tunayoyaita treni. Watu wamelala orofa juu ya orofa, inasemwa, basi kikohozi cha wa chini ni cha wa juu pia. Na kwa vile fleti mpya zinaendelea kujengwa Kwahani na kwengineko, hofu hiyo nayo imehamia huko. Si hofu ya bure, lakini naona imekosea mlango.

Anayezipinga fleti ana ushahidi mkononi, na mzito wake ni wa Hong Kong. Machi 2003 mgonjwa wa SARS, maradhi makali ya mapafu, alikwenda kwa nduguye katika majengo ya Amoy Gardens akiwa na tumbo la kuharisha, akatumia choo. Katika wiki chache zaidi ya wakaazi 300 waliugua na 42 wakafa, wengi wao hawakupata hata kumuona. Wachunguzi walikuta matundu ya sakafu ya bafu yamekauka. Chini ya tundu hilo bomba hupinda na kubaki na maji, ndiyo trepu ya mafundi bomba, na maji hayo ndiyo yanayoizuia hewa ya majitaka isirudi ndani. Yalipokauka, feni za bafuni ziliivuta hewa hiyo kutoka kwenye bomba la pamoja. Mwanzoni mwa 2020, mjini Guangzhou, China, korona ikaonekana kupita njia hiyo hiyo: familia tatu, ya kwanza kuugua orofa ya 15, nyingine ya 25 na ya 27, vyoo vyao vikiwa kwenye bomba moja la wima.

Lakini itazame hiyo Guangzhou vizuri. Waliokaa ukuta kwa ukuta na mgonjwa hawakupata kitu. Aliyepata yuko orofa kumi juu. Kwa hiyo kilichosafirisha ugonjwa si wingi wa majirani, bali bomba lililokosa maji. Kwetu, mtu anayeoga kwa ndoo na kata hulowesha sakafu kila alfajiri, na trepu inajaa bila ya yeye kuifikiria. Bafu la kutiliwa shaka ni lile la pili, la chumba cha wageni katika fleti ya kisasa, linalosafishwa kwa kitambaa na kufunguliwa Idi hadi Idi. Kweli, mgao wa maji unaweza kukausha hata Michenzani, khasa juu, ambako kila dumu linapandishwa kwa miguu.

Hoja ya msongamano ina nguvu zaidi. Tafiti za korona zilipojumlishwa zilionesha kuwa kati ya kila watu 100 waliokaa nyumba moja na mgonjwa, baina ya 16 na 19 waliambukizwa. Familia kubwa katika vyumba viwili ni hatari. Ila familia hiyo ukiiweka katika nyumba ya chini ya Jang'ombe au Magomeni, yenye vyumba viwili vile vile, umepunguza nini? Jirani wa juu umemuondoa, lakini si yeye aliyekuwa akilala na mgonjwa chumba kimoja.

Sasa nije kwenye takwimu nisiyoacha kuirejea. Watafiti walipima upepo katika hospitali nane za Lima, Peru, na matokeo yakatoka 2007. Shabaha yao ilikuwa kifua kikuu, lakini hewa haijui inambeba nani. Milango na madirisha yakiwa wazi, hewa ya chumba ilibadilika mara 28 kwa saa, yaani kila baada ya dakika mbili hivi. Vyumba vinavyopitishiwa hewa kwa mitambo, vilivyotengwa kwa wagonjwa wa hatari, vilipata 12. Ukifunga kila kitu, unashuka mara 18, unabaki na moja na nusu. Na hili ndilo linalonigusa: majengo ya zaidi ya miaka 50, yenye dari refu na madirisha makubwa, yalipata 40, na yale ya kisasa yakapata 17.

Nikisoma hivyo nazikumbuka nyumba za Mji Mkongwe zenye uwazi katikati, na majumba ya wakati wa Mzee Karume, ya Kikwajuni na Kilimani yaliyosaidiwa na Ujerumani Mashariki, na ya Wete na Chake kule Pemba. Michenzani haina lifti, na ngazi zake ni nyingi, kila moja na watu wake wachache. Fleti mpya nyingi zina lifti, korido ndefu katikati, vioo vya alumini na kiyoyozi ukutani. Kiyoyozi cha kawaida cha nyumbani hakileti hewa kutoka nje. Huchukua ile ile ya chumbani, iliyokwisha kukoholewa, huipoza na kuirudisha. Tunaita maendeleo.

Simlaumu anayefunga. Dirisha la jirani linatazamana na la kwake, na sitara ni haki ya mwenye nyumba. Mbu nao wapo; malaria imeshuka chini ya asilimia 1 Zanzibar kwa jasho, nani atathubutu kumwambia mtu atoe wavu, ingawa wavu unapunguza upepo? Wakati wa maleleji hata ukifungua, upepo wenyewe haupo. Na Michenzani si ile iliyojengwa: kila roshani inayozibwa ili mtoto apate pa kulala inakula sehemu ya zile mara 28.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu karibu milioni 1.9 visiwani, wakiongezeka asilimia 3.7 kwa mwaka, kwa hiyo tutajenga kwenda juu tupende tusipende. Dirisha kila mwenye fleti atalifungua au kulifunga apendavyo. Bomba la wima na korido havina mwenyewe, na hivyo ndivyo vya kukaguliwa kabla funguo hazijagawiwa: kila tundu la bafu limwagiwe maji na kunuswa, na korido isiyo na dirisha ncha zote mbili isipitishwe tangu kwenye mchoro.