Spika ya Jirani na Saa ya Mzee

Kibanda changu cha saa pale Kariakoo kimepakana na cha fundi redio, katikati ubao mmoja wa plaiwudi. Jirani meza yake ikijaa, yangu ndiyo stoo. Siku hiyo akaniwekea spika ya inchi 12, sumaku imekaa sentimita chache tu kutoka trei ya vibano na saa zinazosubiri wenyewe. "Dakika mbili tu, jirani." Akaifuata jioni.

Kesho yake vibano vikaanza jeuri. Unashika skrubu isiyofika hata milimita mbili, unaipeleka kwenye tundu lake, unafungua kibano, nayo haitoki. Ukiisukuma na bisibisi, inahamia kwenye bisibisi. Fundi umeme angefurahi kuwa na bisibisi ya hivyo akiwa juu ya ngazi. Kwa fundi saa huo ni msiba, na feleji ngumu ya vibano vyetu ina ubaya wake: chuma laini, sumaku ikishaondoka karibu yake, husahau upesi, feleji huweka kinyongo.

Mara akaingia mzee mmoja, mkononi Seiko yake aliyoichukua jana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, umeifanyia nini hii saa? Leo imenifikisha msikitini muadhini mwenyewe hajaamka. Nimekaa nje na paka."

Sikuifungua. Nilitoa dira ndogo ya plastiki, nikaisogeza juu ya kioo, mshale ukaruka. Ndani ya saa kuna gurudumu linalocheza huku na huko, kwa saa ya namna ile mapigo 21,600 kwa saa moja, likiongozwa na springi nyembamba kama unywele iliyojizungusha. Springi ikishika sumaku, mizunguko yake hunatana. Sehemu inayofanya kazi inakuwa fupi, springi fupi ni kakamavu zaidi, na gurudumu linakimbia. Mara nyingine linasimama kabisa, na hapo mzee angekosa sala badala ya kuiwahi.

"Basi ni spika," nikasema, nikimtazama jirani.

"Spika yangu haina neno," akajibu, kana kwamba nimeitukana.

Dawa ninayo: kile kiboksi cha buluu cha kuondolea sumaku, ndani yake koili ya waya wa shaba inayotumia umeme wa kawaida. Umeme wetu hubadili mwelekeo mara 100 kwa sekunde, na uga wa sumaku wa koili unageuka nao. Unaweka chombo juu, unabonyeza kitufe, kisha huku umebonyeza unakinyanyua polepole hadi kama nusu mita, ndipo unaachia. Kila kinapokwenda mbali mvutano unapungua, na zile sehemu ndogo ndogo za chuma zilizokuwa zimeelekea upande mmoja zinabaki zimevurugika, kila moja na kwake. Usibonyeze zaidi ya sekunde chache, koili huchemka.

Nikaanza na kibano. Kidole kipo kwenye kitufe, kibano bado kimelala juu ya koili, jirani akachomeka amplifaya aliyokuwa "ameshaitengeneza" kwenye ekstensheni ileile. Pwaa! Sakiti breka ikaruka, giza.

Umeme ukikatika chombo kikiwa juu ya koili, hakuna kupungua polepole. Chuma hubaki na mwelekeo wa sekunde ile ya mwisho, na ikiwa umekatwa ukiwa kileleni, hutoka na sumaku kali kuliko kilivyoingia. Breka ilipopandishwa nikapitisha kibano juu ya trei: skrubu zikasimama zote, na ufunguo wa kufungulia mgongo wa saa ukajivuta kidogo, kama unataka kusalimia.

"Umeona?" jirani akasema. "Si spika. Ni hicho kiboksi chako."

Nikachomoa amplifaya yake mwenyewe, nikarudia kibano taratibu mpaka skrubu ikaanguka bila kubembelezwa. Kisha Seiko, ikiwa imelala, nikainyanyua wima. Dira juu ya kioo: kimya. Nikaiwekea majira, nikamkabidhi mzee.

Akaitazama kwa muda, akanisogelea sikioni.

"Kijana, leo imamu kanisifu mbele ya watu kwa kuwahi safu ya kwanza. Huwezi kuirudishia kidogo? Si kama leo. Dakika kumi tu."