Gia 21, Imebaki Moja

Baiskeli yangu ya mtumba ilikuja na gia 21: mbele sahani tatu, za meno 28, 38 na 48, mara nyuma saba, kuanzia meno 14 hadi 28. Kwa kwenda kazini hapa Korogwe zilinitosha na chenji inabaki. Shughuli ilikuwa safari ya Lushoto. Kutoka Mombo barabara inapanda kona juu ya kona, zaidi ya kilomita 30, na keria yangu safarini hubeba hema, maji na sufuria. Nikataka gia moja nyepesi ya mlima, bila kuipoteza ile ya kukimbizia lami.

Fundi akaona jambo dogo. Akafunga friwili, lile fungu la sahani za nyuma, ambayo sahani yake kubwa ina meno 34. "Mbele 28, nyuma 34, bosi. Hiyo hata ukuta unapanda." Akaipindua baiskeli, akazungusha pedeli kwa mkono, ikaimba vizuri. Cheni hakuigusa.

Sasa, friwili ikiongezeka meno sita, cheni nayo inadai pingili. Mbele ikiwa 28 hugundui kitu. Ikiwa 48, halafu nyuma upandishe 34, cheni inakosa urefu.

Karibu na Soni, waya wa gia ya mbele ukakwama kwenye 48. Mlima hausubiri, nikasukuma ya nyuma hadi 34. Kraak! Ule mkono wa gia ya nyuma, unaokaza cheni, ukavutwa, ukaingia kwenye spoki; gurudumu likasimama, mimi nikaendelea. Sufuria halikusimama wala kuendelea: liligeuza, likarudi zake Mombo likipiga kelele, watoto nyuma yake.

Fundi wa pancha aliyekuwa jirani akaangalia, akatikisa kichwa. Mkono umekwisha. Dawa ni kukata cheni, niende na gia moja.

Ipi?

Hapo baraza likakaa. Kijana wa bodaboda akasema, "Weka 48 kwa 14, huku kote ni mteremko." Mama mmoja mwenye kiroba cha kabichi akamwuliza kama aliyempandisha yeye asubuhi alikuwa pacha wake. Mzee mwenye Phoenix nyeusi, gia moja tangu itoke dukani, gunia la mchele wa Mombo nyuma, alikuwa amesimama anapumzika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Punguza mizigo."

Mama akashinda. Cheni ikafungwa 28 kwa 34, yaani ukikanyaga mzunguko mzima unasogea mita moja na robo tatu hivi. Na kusema kweli, kona zote nilizipanda nimekaa kwenye siti! Yule mzee, aliyekuwa anaisukuma yake, nilimpita. Kumpita kwenyewe kulichukua muda: tulimaliza bei ya mchele, tukagusia ya mbolea, na bado gurudumu langu la nyuma lilikuwa usawa wa gunia lake.

Kurudi, hadi Mombo ni kunusa breki tu. Kisha ikaanza tambarare ya Korogwe, na gia ni ileile. Miguu ikaenda kama cherehani, baiskeli ikatambaa. Mtoto wa shule, viatu mkononi, akaja akikimbia pembeni yangu, akaitazama ile miguu kwa makini.

"Anko, unachaji nini?"

"Simu."

Akaridhika, akanipita.