Kwani majirani hawapo?

Kila ikifika katikati ya Oktoba, kazini kwetu hapa Pittsburgh, Marekani, huanza ubishi: filamu gani ya kutisha itazamwe usiku wa Halloween, sikukuu yao ya vitisho ya mwisho wa mwezi? Natunza wazee kwenye kituo kimoja, zamu ya jioni, na wenzangu jambo hili wanalibeba kama sisi tunavyoibeba Simba na Yanga. Yupo anayetaka damu. Yupo anayesema damu ni ushamba, bora mlango ulie wenyewe taratibu. Mwaka jana dada mmoja aliuliza kama kwenye filamu iliyopendekezwa mbwa anakufa. Akaambiwa watu sita wanauawa, mbwa anabaki mzima. "Basi sawa," akasema, akaendelea kukunja mashuka.

Mimi nimekulia Ngamiani, Tanga. Filamu hizi tulizitazama kwenye kibanda umiza, mabenchi ya mbao, madirisha yamezibwa kwa magunia, jasho linatiririka. Na kusema kweli hatukuogopa, tulicheka. Mzungu yuko peke yake kwenye nyumba ya vyumba vinane, anasikia vishindo darini, anachukua tochi anapanda! Kibanda kizima: "We dada, toka nje! Piga kelele!" Palikuwa na mzee muuza kahawa, akiingia bure, na swali lake lilikuwa lilelile kila filamu: "Kwani majirani hawapo?"

Kwetu lilikuwa swali la maana. Ukipiga yowe Ngamiani, kabla hujalimaliza watu wameshajaa, mmoja na mchi mkononi, mwingine kajitanda kanga na hajui hata kuna nini. Mwaka 1995 Popobawa, jini aliyesemekana kuvamia watu usiku vitandani mwao, alipovuma Pemba na Unguja, watu walihama vyumba vyao wakalala nje, makundi makundi. Hofu iliwakusanya. Kinachotutisha sisi ni msukule, na msukule si mgeni anayetaka kukutafuna. Ni binamu yako uliyemzika kwa mikono yako, anayelimishwa shamba la mtu usiku, na aliyemchukua huenda ndiye aliyesimamia sufuria la wali siku ya hitima. Ndiyo maana filamu za Bongo za uchawi zina mashangazi na mawifi wengi kuliko mapepo.

Majira yangu ya kwanza ya baridi hapa niliteleza kwenye ngazi za nje, zimeganda barafu, saa tano usiku natoka kazini. Nikapiga kelele ya Kitanga, "Jamani nakufa!" Ghorofa ya pili taa ikawaka, pazia likasogea, kisha taa ikazimwa. Nililala pale kama dakika kumi nikitazama ile pazia. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba watengenezaji wa zile filamu si wajinga. Dada anapanda darini na tochi kwa sababu hana wa kumwita.

Halafu sasa, hiyo Halloween yenyewe, wanayoipamba kwa mafuvu na buibui wa plastiki, ndiyo siku niliyomjua jirani yangu wa mlango wa pili. Miaka miwili ukuta mmoja, na aliyetukutanisha ni mtoto wake aliyevaa shuka la mzimu akaja kuomba peremende. Tena saa za watoto kugonga milango zinapangwa na manispaa! Ikipita saa hiyo, kila mtu anafunga kwake.

Mwaka huo wa ubishi wa mbwa, pendekezo langu lilishinda, labda kwa sababu lilikuwa la bure. Night of the Living Dead ya George Romero, ya mwaka 1968, ilipigwa hapa jirani, Evans City, hata saa moja ya gari haifiki. Jina lake lilibadilishwa kabla ya kutolewa, na katika kubadilisha wakasahau kurudisha tangazo la hakimiliki, ikawa mali ya yeyote. Watu saba wamejifungia kwenye nyumba ya shamba, wafu wamezingira nje, na badala ya kushikamana wanagombana: tushuke chini ya sakafu au tubaki juu? Shujaa ni Duane Jones, mtu mweusi. Ndani ya nyumba ile anabaki yeye peke yake. Asubuhi inafika, anasikia milio ya risasi, wenyeji wamejikusanya na bunduki na mbwa wanasafisha mashamba. Anachungulia dirishani. Wanamdhani ni mmoja wa wafu, wanampiga risasi ya kichwa.

Wenzangu wakaendelea kubishana kama kujificha chini kulikuwa sahihi tangu mwanzo. Mimi nilikaa kimya na bakuli langu la bisi. Nilimkumbuka mzee wa kahawa. Safari hii majirani walikuwapo.

Kwa maoni yangu Wamarekani wanajua kutisha kuliko wanavyojua wenyewe, ila wanajua upande mmoja tu, ule wa mtu kukosa wenzake. Ule mwingine, wa kuwa nao wengi na mmoja wao ndiye anayekumaliza, hawajauonja. Basi mwaka huu napendekeza filamu ya msukule kutoka nyumbani. Tafsiri nitafanya mwenyewe, nimesimama pembeni ya televisheni kama kwenye kibanda. Dada yule ameshaniuliza kama kuna mbwa. Nimemwambia mbwa hayupo, yupo shangazi.