Kamera machoni haitoshi

Mwandishi wa makala hii ya msimulizi kwenye filamu anasema kamera ikikaa machoni pa mhusika, mtazamaji anageuka kuwa mhusika. Mbona mwongozaji Robert Montgomery alilijaribu hilo mwaka 1947 kwenye Lady in the Lake, karibu filamu nzima, mpelelezi mwenyewe tunamwona kwenye kioo hapa na pale, na bado unabaki abiria tu? Kwenye gemu kama Doom ya 1993 unaona vilevile, ila ukigeuka kushoto umegeuka wewe, ukifa umejiponza.

Halafu mmemsahau mtafsiri wa kibanda umiza, yaani banda la video la mtaani! Hapa Mwanjelwa, Mbeya, filamu za Kichina tulizitazama kwa macho yake: anamcheka jambazi, anamwonya steringi, mara anatangaza picha ya kesho. Msimulizi kamili yule, na mwongozaji wa filamu wala hamjui.