Nilivyoanikwa na dagaa Kibirizi

Jamani hii hobi ya kupiga picha wanyama hakuna aliyenifundisha, ni YouTube na bando la usiku tu, kamera yenyewe mtumba. Sasa hapa Kigoma ukitaja picha za wanyama watu akili zinaenda kwa sokwe wa Gombe, na kweli Hugo van Lawick alikuja kule 1962 kumpiga picha mtafiti Jane Goodall na sokwe wake, jina likapaa dunia nzima. Ila yule alitumwa na kulipwa. Mimi boti na kiingilio vikanishinda nikaishia Kibirizi, palepale boti za Gombe zinapoondokea, nikaamua kudili na mdiria, yule ndege anayevua samaki.

Namsema yule mweusi na mweupe, dume ana mikanda miwili kifuani, jike mmoja. Anaganda hewani juu ya maji mabawa yanapiga kwa fujo halafu chubwi! Hapo shata ya kamera ifunguke na kufunga kwa 1/2000 ya sekunde la sivyo unaambulia ukungu. Tatizo ukimsogelea karuka. Jamaa wa YouTube akasema jifiche, wenzetu wana vihema maalumu, mimi nikatafuta wavu chakavu, asubuhi na mapema nikalala kifudifudi ubavuni mwa mtumbwi, gubigubi, lenzi tu ndo inachungulia.

Na akaja! Akatua kwenye kamba ya nanga hatua chache tu kutoka puani kwangu, dagaa mdomoni, akaanza kumbamiza kwenye kamba, pa kulia pa kushoto, kama anafua soksi. Nikabana pumzi nikabofya. Nyuma nasikia akina mama wanakuja wanabishana mambo ya kikoba, sikugeuka, nigeuke ndege aende?

Sasa wengine pale wanaanika dagaa juu ya nyavu ili wasishike mchanga, na zilikuwa siku za giza, usiku hauna mwezi na dagaa wanavuliwa vizuri, mitumbwi imerudi imejaa. Mama mmoja kaona wavu umeshatandikwa, akashusha ndoo akamwaga yote, kisogoni mpaka kiunoni, hoja ya kikoba inaendelea. Dagaa wabichi wa baridi wakateremka kwenye kola, mmoja akaingia sikioni, na mimi bado nabofya (hobi ni ugonjwa). Akainama kuwasambaza kwa viganja, akafika begani, akapapasa, akapapasa tena, akanyamaza.

Nikasema kwa adabu zote, "Shikamoo mama."

"Lahaula! Wavu umeniamkia!"

Ndoo kule yeye kule, wenzie wanapiga kelele jini la ziwani, vijana wakaja na makasia. Nikainuka nijieleze, ndo nikaharibu kabisa, dagaa wananidondoka na lenzi imetangulia, jini sasa likawa na jicho moja refu. Bahati kijana mmoja alinijua.

Mama alipopata pumzi akasema nalipa ndoo nzima. Nikambembeleza, mama si unawaosha tu?

"Mwanangu, nani atakula dagaa waliotoka kwapani kwako?"

Nikalipa. Bodaboda wote wakanikataa, nikapanda kwa miguu mpaka mtaa wa Mwanga na msafara wa paka. Picha nazo moja tu ndo imetulia, dagaa unaweza kumhesabu magamba, mdiria kageuza mgongo.

Siku hizi yule mama kabla ya kumwaga ndoo anaugonga kwanza wavu kwa mguu, "Hodi, kuna mtu?"