Wakala wa mikoani anakula wapi pesa ikibaki kwenye simu?

Ajira za uchumi wa kidijitali zikitajwa, wengi humfikiria kijana wa Dar es Salaam na kompyuta yake mpakato. Mikoani ajira hiyo ni uwakala wa pesa za simu: mwavuli, meza, daftari la miamala na simu mbili tatu za mitandao tofauti. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, Tanzania mwaka uliofuata, na leo uwakala umefika hata vijiji visivyo na tawi la benki.

Faida yake sibishi. Msimu wa korosho ukifika, malipo ya mkulima wa Newala au Tandahimba huingia kwenye akaunti, na foleni huhamia kwa wakala. Binti aliyemaliza kidato cha nne anapata riziki palepale kwao bila kupanda basi la Dar.

Ila kamisheni yake inatoka wapi? Hulipwa mteja anapoweka au kutoa taslimu. Mteja akilipa dukani kwa Lipa Namba, wakala haambulii kitu. Kwa hiyo kadiri watu wanavyozoea kulipana kwa simu, ndivyo kazi yake inavyopungua. Wakiikimbia simu nako anaumia: tozo ya serikali kwenye miamala ya simu ilipoanza Julai 2021, wateja wengi walirudi kwenye noti, na mawakala wakalalamika hadi tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba. Na float, yaani pesa ya kwenye simu na taslimu anayohudumia nayo wateja, ni mtaji wake mwenyewe. Akitapeliwa, hasara ni yake. Hiyo tunaiita ajira, sijui kwa nini, maana mwajiri hayupo.

Watetezi wa uchumi wa kidijitali husema kazi moja ikifa nyingine huzaliwa. Ni kweli, swali ni inazaliwa wapi. Dada wa Mtwara siku hizi anachagua gauni Instagram, analipa kwa simu, mzigo unapakiwa kwenye basi. Muuzaji wa Kariakoo, Dar, kapata mteja asiyemjua, na bodaboda wa Mtwara kapata nauli ya kuufikisha mzigo nyumbani. Mwenye duka la nguo sokoni Mtwara, pamoja na msichana aliyemwajiri kuuza, wamekosa.

Kwa maoni yangu, mikoa imenufaika zaidi kama mnunuzi kuliko kama mwajiri. Viwango vya kamisheni hupangwa makao makuu ya kampuni za simu, Dar, na huko ndiko waandishi wa programu na wahasibu wao walikoajiriwa kwa mkataba, mshahara na michango ya NSSF.