Mpagani ni mshamba tu, tulieni

Grupu letu la familia limewaka moto wiki hii. Mzee kaandika kwa ustaarabu kabisa kwamba Desemba tukienda kijijini tusafishe makaburi, tupike, watoto watajiwe majina ya wazee. Binamu mmoja aliyeokoka majuzi kajibu kwa voisi ndefuuu, mambo ya kipagani sijui roho za kipagani, mpaka babu yetu marehemu naye kaitwa mpagani. Babu!

Haya, tulichambue hilo neno. Kwa Warumi paganus hakuwa na shetani wala mzimu. Pagus ilikuwa eneo la mashambani, kitu kama tarafa, na shina lake ni kuchomeka kitu ardhini, yaani eneo lililowekewa bikoni. (Shina hilohilo ndilo lililozaa pagina, ukurasa, kwa hiyo ukiingia kwenye peji yako kukemea wapagani ujue hao wawili ni ndugu.) Paganus ni mtu wa huko pagus. Mshamba. Basi! Dini mpya ikashika zaidi mijini, na karne ya 4 wenye mji wakawa wanawaita waliobaki na miungu ya zamani hivyohivyo, wa shamba hao, hawajui kitu, na sisi watu wa pwani na bara tunaujua mchezo huu vizuri maana mshenzi naye alikuwa mtu wa bara tu machoni pa waungwana wa pwani, kosa lake kuzaliwa mbali na bahari. Anwani ya mtu inageuzwa dhambi! Halafu karne zinapita, mjukuu wa huyohuyo mshamba anapanda jukwaani na maiki analirusha tusi kwa babu yake mwenyewe, tena kwa Kilatini cha mkopo.

Sawa, wapo wataalamu wanaobisha. Wanasema paganus jeshini alikuwa raia, na Wakristo walijiita askari wa Kristo, kwa hiyo wasiokuwemo wakawa raia. Nawapa nusu maksi. Mwanajeshi akikwambia "we raia" unasikia heshima hapo?

Wafaransa wana païen kwa mpagani, lakini kutoka pagus hiyohiyo wana pays, nchi, na paysan, mkulima. Wakatalani mkulima wao ni pagès na hana kesi na mtu. Wahispania ndo wamenimaliza, pagano kwao mtaani ni yule anayelipia bili za wenzake, kisa linafanana na pagar, kulipa. Kwa maana hiyo kwenye kamati za harusi mimi ni mpagani sugu.

Kwa Waslavi likaharibika kabisa, Kirusi cha leo poganyi ni kitu kichafu, cha kutia kinyaa. Na ni Waslavi waliolipeleka kwa Wafini, ambao walikuwa hawana g wakaweka k, likawa pakana. Lilifika kwenye mzigo mmoja na risti, msalaba, na pappi, padri, ndiyo maana wanaisimu wanasema Ukristo wa mashariki uliwagusa kabla Waswidi hawajaja na Ukristo wa kwao. Yaani mtu anapokea msalaba na tusi lake siku moja, risiti moja! Waestonia wao pagan ni mpagani na pia ni ibilisi, mtu akijikwaa anasema pagan võtaks, ibilisi achukue.

Mwaka 1551 Mikael Agricola, aliyeanzisha Kifini cha maandishi, alitoa Zaburi na kwenye dibaji akaorodhesha miungu ya watu wa Häme na Karelia, sehemu za hukohuko, ili kuwasema. Tapio wa msituni yumo, Ahti wa majini yumo. Na Agricola ni jina alilojichagulia shuleni, maana yake mkulima, kwa hiyo ni Bwana Shamba anawasema washamba.

Leo Tapio na Ahti ni majina ya kawaida ya wanaume Ufini, watu wanabatizwa nayo kwa Kilutheri na hakuna anayeanguka chini. Huku kwetu mtoto akipewa jina la babu lazima atokee mtu aulize hilo jina lina maana gani, limeombewa?